Mzunguko Unaojitangaza: Utangulizi wa Upimaji wa Kasi kwa Jenereta

Mto Mara unazitenganisha wilaya za Tarime na Serengeti, na kila upande wa mto una mashine zake zinazozunguka. Upande wa Tarime, mgodi wa North Mara ulioko Nyamongo umekuwa ukizalisha dhahabu tangu mwaka 2002, na uzalishaji wote unategemea vinu vinavyosaga mwamba usiku na mchana. Wachimbaji wadogo wa maeneo hayohayo husaga mawe yao kwa makarasha yanayovutwa na mota au injini ya dizeli. Upande wa Serengeti, mji wa Mugumu hutegemea maji ya bwawa la Manchira, na huko Kogatende, ukingoni mwa mto, ndege aina ya Cessna Caravan hushusha watalii waliokuja kuona nyumbu wakivuka. Ongeza mashine za unga za kila senta, jenereta za maduka, na malori yanayosubiri mpakani Sirari. Ukubwa, bei na kazi za mashine hizi ni tofauti kabisa, lakini kila mwenye mashine hana budi kujua inazunguka kwa kasi gani.

Utangulizi huu unakukaribisha kwenye fani inayojibu swali hilo kwa njia moja mahsusi: shafti inayozunguka inafua umeme kidogo, kisha umeme huo unasomwa. Umeandikwa kwa mwanafunzi wa VETA au chuo cha ufundi, kwa fundi aliyeko kazini, na kwa yeyote anayekumbuka somo la sumaku na waya. Hesabu zilizomo ni za kuzidisha na kugawanya. Kinachohitaji subira zaidi ni kujua umeme huo unasema kweli lini, na lini haufai kuaminiwa.

Kasi ina kazi gani

Tuanze na karasha. Ndani ya pipa la chuma kuna mawe na gololi. Pipa likizunguka polepole mno, gololi huviringika chini tu na mawe hayapondeki. Likizunguka kasi mno, gololi hubanwa ukutani, zikazunguka pamoja na pipa bila kuangukia kitu. Mpaka wa hali hiyo ya pili unajulikana kwa hesabu: chukua 42.3, igawanye kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha pipa kwa mita, utapata idadi ya mizunguko kwa dakika. Kwa pipa la mita 1 ni mizunguko 42.3. Vinu vingi vya gololi huendeshwa kati ya asilimia 65 na 80 ya kasi hiyo, maana yake pipa letu lizunguke takribani mara 27 hadi 34 kwa dakika. Likishuka hadi 20 au likipanda hadi 43, dizeli inaendelea kuungua na dhahabu inabaki ndani ya jiwe. Kinu kikubwa cha mgodi na karasha la mchimbaji mdogo hutii kanuni hiyo moja.

Pampu nayo ina kanuni zake. Kiasi cha maji inachotoa hufuata kasi moja kwa moja, presha hufuata mraba wa kasi, na nguvu inayoliwa hufuata mchemraba wake. Ukipunguza kasi ya pampu kwa asilimia 10, kwenye mfumo usio na mlima mkubwa wa kupanda, nguvu inayotumika hushuka hadi karibu asilimia 73. Robo ya bili na zaidi imeokolewa kwa badiliko dogo ambalo msimamizi wa pampu hawezi kuliona kwa macho.

Ni kweli kwamba fundi mzoefu husikia mlio wa injini akajua imelemewa, na hilo halidharauliki. Ila sikio halitunzi kumbukumbu ya wiki nzima, halifanyi kazi chumba kingine, na haliwezi kufunga mafuta kwa sehemu ya sekunde jenereta inapokimbia. Kwa kazi hizo kinahitajika kihisi.

Wazo lenyewe

Vipimo vya kasi vilikuwepo kabla ya umeme kufika viwandani. Mwingereza Bryan Donkin alionyesha chake mwaka 1810. Kilikuwa na kikombe cha zebaki kinachozungushwa, na zebaki iliposukumwa pembeni kimiminika kingine kilishuka kwenye mrija wa kioo. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika karibu na koili huzalisha umeme ndani ya koili, na kwamba badiliko likiwa la haraka zaidi, umeme nao huwa mkubwa zaidi. Fani yetu nzima imesimama juu ya neno hilo la haraka. Sumaku ikiwa ileile, koili ikiwa ileile, kinachobaki kubadilika ni kasi peke yake. Basi ukiusoma umeme, umeisoma kasi.

Kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo huitwa takojenereta. Ni jenereta ndogo, mara nyingi hutosha kiganjani, inayofungwa kwenye shafti ya mashine kubwa. Haihitaji betri wala waya wa kuiletea umeme, kwa sababu mashine inayopimwa ndiyo inayolipa gharama ya kupimwa.

Umeme huo unaweza kuleta habari kwa njia mbili. Ya kwanza ni wingi: kasi ikipanda, volti zinapanda. Ya pili ni hesabu: kasi ikipanda, mawimbi ya umeme kwa sekunde, yaani hezi, yanaongezeka. Karibu kila ubora na kila udhaifu wa vihisi hivi unatokana na njia ambayo kihisi kimeichagua.

Ukoo wa volti

Takojenereta ya mkondo mnyoofu ina sumaku za kudumu pembeni, rota yenye koili katikati, na komyuteta inayoguswa na brashi za kaboni. Kipimo kinachokutwa mara nyingi kwenye bati la jina lake ni volti 60 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Mota ikizunguka mara 1,450, takojenereta hutoa volti 87. Mota ikigeuzwa izunguke kinyume, chanya na hasi hubadilishana, hivyo waya mbili tu zinaleta kasi pamoja na mwelekeo. Hiyo ndiyo sababu kifaa hiki kilipendwa kwa miongo mingi kwenye mashine za kupandisha na kushusha mizigo migodini, mahali ambapo kwenda juu na kwenda chini si jambo la kuchanganya.

Lakini habari inayosafiri kwa wingi wa volti huweza kupungua njiani. Kwanza, joto. Sumaku za feraiti hupoteza takribani asilimia 0.2 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mashine iliyowashwa kwenye baridi ya asubuhi ya Tarime, nyuzi 20, ikapata joto la kazi hadi nyuzi 60, itaonyesha upungufu wa karibu asilimia 8 ilhali kasi haijabadilika. Sumaku za alniko hupoteza sehemu moja ya kumi ya hapo, ndiyo maana vifaa vya usahihi huzitumia au huongezewa kipande cha chuma maalumu cha kusawazisha. Pili, brashi: zinachakaa, zinaruka komyuteta ikiwa chafu, na hula sehemu ya volti ambayo kwenye kasi ndogo si ya kupuuza. Tatu, volti zenyewe haziko laini, zina mawimbi madogo yanayotokana na vipande vya komyuteta. Ukiyachuja sana, kipimo kinakuwa kizito kufuata mabadiliko.

La nne ni mzigo, na hili unaweza kulijaribu mwenyewe kwa dinamo ya baiskeli, ile ya volti 6 na wati 3. Pindua baiskeli, ondoa waya wa taa, unganisha multimita kwenye dinamo, kisha zungusha gurudumu. Volti hupanda kadiri unavyozungusha kasi, nazo huipita 6 kwa mbali. Rudisha taa, zungusha tena: sasa volti hupanda mwanzoni, kisha hugoma kuongezeka sana hata ukizungusha kwa nguvu zote. Mkondo unaopita kwenye koili umeanza kuzuiwa na koili yenyewe. Kwa taa hiyo ni heri, maana balbu haiungui mteremkoni. Kwa kipimo ni hasara tupu. Ndiyo maana takojenereta huunganishwa kwenye mita au kidhibiti chenye ukinzani mkubwa, inyonywe umeme kidogo iwezekanavyo. Yenye ukinzani wa ndani wa omu 100 ikiunganishwa kwenye omu 10,000 hupungukiwa kwa karibu asilimia 1. Ukiunganisha mita ya pili sambamba na ya kwanza, umebadilisha kipimo bila kugusa mashine.

Ukoo wa hezi

Ondoa komyuteta na brashi, zungusha sumaku ndani ya koili zilizotulia, utapata mkondo geu. Volti zake bado hupanda na kasi, lakini sasa kuna habari nyingine isiyojali joto wala mzigo: idadi ya mawimbi. Kanuni yake ni fupi. Zidisha jozi za ncha za sumaku kwa mizunguko ya dakika, gawanya kwa 60, hizo ndizo hezi. Sumaku ikidhoofika, mawimbi yanakuwa mafupi kwa kimo, hesabu yake haibadiliki.

Caravan zinazotua Kogatende ni mfano mzuri. Injini yake ya PT6A ina sehemu ya gesi ambayo asilimia 100 ya kasi yake ni mizunguko 37,500 kwa dakika. Hakuna anayefunga kihisi moja kwa moja kwenye kitu kama hicho. Gia hupunguza mwendo huo hadi karibu 4,200, na hapo ndipo jenereta ndogo hufungwa. Yenye jozi moja ya ncha, kwa mizunguko 4,200, hutoa hezi 70. Rubani haoni hezi wala mizunguko, huona asilimia. Kwenye ndege zenye saa za mishale, umeme wa kihisi hicho wenyewe ndio unaosukuma mshale, hivyo umeme mwingine wa ndege ukikatika, rubani bado anajua injini inazungukaje. Kutokuwa na brashi nako kuna sababu: miaka ya 1940 iligundulika kwamba kwenye hewa kavu ya juu sana brashi za kaboni huliwa upesi mno, kwa kuwa unyevu wa hewa ndio unaolainisha msuguano wake.

Ardhini, wengi wana kihisi cha ukoo huu bila kujua. Altaneta nyingi za magari ya dizeli zina nukta yenye herufi W, inayotoa mkondo geu kabla haujanyooshwa, na takomita ya dashibodi huhesabu mawimbi yake. Altaneta yenye jozi 6 za ncha, ikizungushwa mara 2.5 kwa kila mzunguko wa injini, hutoa hezi 250 injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000. Fundi akibadilisha puli ya altaneta kwa nyingine ndogo, takomita itaanza kudai kasi ambayo injini haina. Feni belti ikiteleza, itadai pungufu.

Jenereta kubwa nazo hujipima. Mashine ya ncha nne inayotoa hezi 50 haina namna nyingine ila kuzunguka mara 1,500 kwa dakika. Ng'ambo ya mpaka, kaunti ya Migori, kituo cha Gogo kwenye Mto Kuja kilijengwa miaka ya 1950 kikiwa na uwezo wa megawati 2. Kwenye kituo kama hicho, mita ya hezi ukutani ni kipimo cha kasi ya tabo. Hata hivyo gavana ya tabo za maji, yaani kifaa kinachodhibiti kasi yake, kwa muda mrefu ilipewa jenereta yake ndogo ya sumaku juu ya shafti, kwa sababu kasi lazima ijulikane hata kabla jenereta kuu haijaanza kutoa umeme.

Jino linalopita

Tawi la tatu ndilo lililoenea zaidi leo. Chukua sumaku ndogo, izungushie koili, iweke mbele ya gia ya chuma, nafasi ya kama milimita 1. Kila jino likipita, uga wa sumaku hukaza. Kila pengo likipita, hulegea. Koili hutoa wimbi moja kwa kila jino. Hapa sumaku na koili zote zimetulia, na shafti haijafungwa chochote. Gia ya meno 60 ina utamu wake: hezi zinalingana na mizunguko kwa dakika, huhitaji kukokotoa. Kwenye jenereta ya dizeli kihisi hiki huchungulia meno ya flaiwili. Flaiwili ya meno 120 kwa mizunguko 1,500 hutoa hezi 3,000, na kidhibiti kikiona idadi imepita kiwango kilichowekwa, hukata mafuta.

Adui wake mkubwa maeneo ya kusaga mawe ni vumbi la chuma. Sumaku huvuta chembe, chembe hujaza nafasi, na mawimbi huanza kupotea. Ukisikia jenereta inayumba mwendo bila sababu, kifungue kihisi ukifute kabla hujaagiza kidhibiti kipya.

Kipimo kikae wapi

Turudi kwenye pipa la karasha, tuseme linazunguka mara 32 kwa dakika. Takojenereta ya volti 60 ikifungwa kwenye shafti ya pipa itatoa volti 1.9 tu, na makosa ya brashi yatakuwa sehemu kubwa ya kipimo. Ikifungwa kwenye mota inayozunguka mara 1,450 itatoa volti 87 safi. Lakini kati ya mota na pipa kuna mikanda. Mkanda ukilegea, mota itazunguka kama kawaida, mita itasifu, na pipa litakuwa limepunguza mwendo. Kipimo hakikukosea, kimejibu swali la mota ilhali wewe uliuliza la pipa. Dawa ya kawaida ni kubandika gia yenye meno mengi kwenye pipa na kuhesabu meno, au kupima pande zote mbili na kulinganisha. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo kipimo cha kuteleza kwa mkanda, na mikanda ya kubebea mawe migodini hulindwa kwa mantiki hiyohiyo.

Ukimya wenye maana mbili

Sasa tumefika penye uzito. Kihisi kinachoishi kwa mwendo wa mashine hunyamaza mashine inaposimama. Hunyamaza pia waya unapokatika, kapulingi inapolegea, brashi inapokwama. Kwa mtu anayetazama mshale, sifuri isiyotarajiwa humfanya ageuke aitazame mashine. Kidhibiti cha umeme hakina shingo ya kugeuza. Kazi yake ni kulinganisha kasi iliyotakiwa na kasi iliyopimwa, na pengo likiwepo kuongeza nguvu. Takojenereta ikikatika, kidhibiti huona sifuri, huongeza nguvu. Bado sifuri, huongeza tena, mpaka mota imefika mwisho wa uwezo wake. Kosa dogo la waya limegeuka mashine iliyotoroka. Kubadilisha waya mbili za takojenereta ya volti kwa bahati mbaya huleta balaa lilelile, kwa kuwa kidhibiti hudhani mota inarudi nyuma.

Kwa hiyo mifumo iliyotengenezwa vizuri haimwamini shahidi mmoja. Volti za mota yenyewe hulinganishwa na za takojenereta. Zikipingana, mota huzimwa. Jenereta hukaguliwa kwa hezi za umeme wake pamoja na meno ya flaiwili. Wengine hupitisha mkondo mdogo kwenye koili ya kihisi ili kujua kama waya ni mzima hata mashine ikiwa imelala.

Udhaifu huu unaelezea pia majirani wa fani yetu. Vihisi vya Hall, vinavyohisi uga wa sumaku, na diski za mwanga zinazohesabiwa kwa taa hupewa umeme kutoka nje, hivyo huweza kuhesabu jino linalopita hata kwa mwendo wa kobe, na kihisi kilichopewa umeme kinaweza kutangaza kwamba ni kizima. Ndivyo vilivyochukua nafasi ya takojenereta kwenye mashine nyingi mpya. Vyenyewe hutegemea chanzo cha umeme, na diski za mwanga huchoshwa na vumbi na mafuta. Sehemu zenye joto, uchafu na umeme wa kuyumba, koili na sumaku bado zina ajira.

Anayeingia kwenye fani hii aanze na vifaa vilivyo karibu: dinamo na multimita, nukta W ya altaneta, bati la jina la mota. Atunze pia tahadhari moja, kwamba takojenereta ya volti 60 kwa 1,000 hutoa volti 180 kwenye mizunguko 3,000, na kuzima swichi kuu hakuizimi mpaka shafti isimame. Kisha mbele ya kila mashine aulize mambo matatu. Kihisi kimefungwa kwenye shafti ipi? Habari yake inakuja kwa wingi wa volti au kwa hesabu ya mawimbi? Kikinyamaza ghafla, mashine itafanya nini? Mawili ya kwanza yanaweza kujibiwa mashine ikiwa inafanya kazi. La tatu lijibiwe kabla haijawashwa.